Ombi la Namba

Nimepiga taipu hisabati za watu miaka thelathini na minne,
ghorofa ya pili, ujia wa kushoto, chuoni Szeged,
na sijui hata moja inasema nini.
Nazijua kwa sura:
ile yenye shingo ndefu iliyopinda kama ndoano,
ile iliyovaa kofia, ile inayotembea na vitoto miguuni.
Zote nilizivika mabano, nikazipa namba kwa mkono,
kama mwalimu anayevusha watoto barabara akihesabu vichwa.

Profesa Gedeon alikuwa mtu mwema
ila kwa namba hakuwa na huruma.
Siku mbili kabla kitabu hakijaenda kwa mchapaji
aliingia, ukungu wa mto Tisza ungali kwenye koti,
akagusa karatasi kwa kidole:
"Etelka, mlinganyo huu wa saba hauna kazi. Utoe."
Nikajua usiku umeshakwenda.
Wa nane uwe wa saba, wa tisa uwe wa nane,
mpaka wa mia na arobaini na tatu,
kisha nirudi ndani ya maneno, mstari kwa mstari,
nimsake kila anayesema "tazama (52)"
nimgeuze shingo atazame (51).
Mmoja alinitoroka. Yumo hadi leo, maktabani,
ananyoosha kidole pasipo mtu.

Aliyenifungua macho ni Zsombor, kijana wa printa.
Alikuja kuondoa karatasi iliyokwama, akachungulia kioo changu.
"Mama, namba unaziandika?"
"Sasa nizifanye nini, nizikaange?"
Akavuta kiti. Kile kiti.
Ödön alikuwa akikikalia jioni, kofia gotini,
akinisubiri nizime taa twende kwenye tramu.
Sikusema neno. Kiti ni kiti.

Akachora jedwali: mstari mmoja, safu tatu,
akafuta kuta zake, likabaki lipo, halionekani.
Kushoto patupu. Katikati mlinganyo.
Kulia, ukingoni kabisa, mabano,
na ndani ya mabano akapanda kitu nisichokijua.
"Hii si namba," akasema. "Hili ni ombi la namba.
Mashine ikifika hapa inauliza: wametangulia wangapi?
Halafu inaongeza mmoja."
Na kule kwenye maneno, akaniambia,
ukitaka kusema "tazama" usitaje namba;
funga uzi. Uzi wenyewe utajua.

Tulifunga nyuzi wiki nzima. Vidole viliniuma.

Ijumaa, saa kumi, jengo limenyamaza,
nikaamua kumjaribu shetani:
nikaufuta wa saba.
Nikachagua kurasa zote, nikabonyeza kile kibonyezo cha juu
ambacho miaka yote nilidhani ni pambo.
Milinganyo mia na thelathini na sita ikasogea hatua moja,
bila kelele, bila kuulizana,
kama foleni ya mikate mtu anapoondoka.
Nilicheka peke yangu. Nilipiga hata makofi.

Kisha ukurasa wa themanini na nane,
katikati ya sentensi iliyokuwa ikienda zake,
herufi nene nyeusi:
Kosa! Kilichotajwa hakikupatikana.

Nilikaa hapo kitambo.
Foleni yote ilikuwa imejifunga, hakuna pengo, hesabu safi.
Sentensi hii moja tu
ndiyo ilikuwa imeegemea pale.

Kahawa ilipoa. Taa za barabarani ziliwaka.
Nilikuwa bado sijaamua niandike nini badala yake
mlango ulipofunguliwa, koti, ukungu, kidole:
"Etelka, nimefikiri upya. Ule wa saba,
urudishe."

Nikaurudisha. Nikabonyeza.
Wakasogea wote, wakaupisha mahali pake,
na ule ukurasa wa themanini na nane
ukasema, kana kwamba hapakuwa na lolote,
tazama (7).

"Ni hivyo tu?" akauliza profesa.
"Kwa namba, ndiyo," nikamjibu,
nikavaa kofia, nikazima taa.